Somo: Kutengeneza kihisi cha umeme cha DNA kwa nanotyubu ya kaboni

Somo hili linaeleza namna ya kuiwezesha nanotyubu ya kaboni kutambua uzi mmoja mahususi wa DNA na kutoa taarifa kwa umeme, bila kuutia uzi huo rangi ya kung'aa. Nanotyubu yenye ukuta mmoja ina kipenyo cha takriban nanomita 1, na atomi zake zote ziko juu ya uso. Kwa sababu hiyo, chaji yoyote inayotua juu yake huathiri mkondo wote unaopita ndani yake. Kunasa DNA si kazi ngumu sana. Ugumu uko katika kuthibitisha kwamba mabadiliko ya mkondo yameletwa na DNA hiyo na si kitu kingine, na hatua nyingi zilizopo hapa zimewekwa kwa ajili ya uthibitisho huo.

Hatua ya 1: Kuandaa transista, yaani kifaa ambacho mkondo wake hudhibitiwa na chaji au volteji iliyo jirani. Nanotyubu hutoka kiwandani zikiwa zimechanganyika: takriban theluthi moja zina tabia ya metali, na theluthi mbili ni nusu-vipitishi. Tumia nusu-vipitishi, kwa kuwa mkondo wa hizo ndio unaotawaliwa na chaji iliyo jirani. Zilaze kati ya elektrodi mbili juu ya kisahani cha silikoni chenye tabaka la oksidi, kisha funika elektrodi kwa kihami. Usiiruke kazi hii ya kufunika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba ishara inaweza kutoka kwenye maungio ya metali na nanotyubu, mahali ambapo DNA hujibandika bila kuchagua.

Hatua ya 2: Kuweka vikundi vya kaboksili. Asidi ya nitriki ikichanganywa na ya salfuriki hutoboa ukuta wa nanotyubu na kuacha kaboksili (vikundi vya kaboni, oksijeni na hidrojeni ambavyo DNA itaunganishwa navyo) kwenye kasoro zinazotokea. Kila kasoro hupunguza upitishaji wa umeme, kwa hiyo nanotyubu iliyotiwa kaboksili nyingi hubeba nyuzi nyingi lakini haisemi kitu. Mfano bora wa kiasi ni kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, iliyochapishwa mwaka 2011: walioksidisha nanotyubu huku wakiufuatilia mkondo, wakabaki na kasoro moja tu, wakaunganisha uzi mmoja wa DNA hapo, na mkondo ukawa unaruka kati ya viwango viwili kila uzi lengwa (uzi wa DNA unaotafutwa) ulipoungana nao au kuachana nao. Asiyetaka kuujeruhi ukuta anaweza kutumia molekuli yenye kichwa cha paireni (muundo bapa wa pete nne za kaboni), ambayo hujilaza juu ya nanotyubu bila kuvunja bondi yoyote. Njia hiyo ilionyeshwa kwa protini huko Stanford mwaka 2001.

Hatua ya 3: Kuunganisha uzi wa kunasa. Amsha kaboksili kwa EDC pamoja na sulfo-NHS (kemikali zinazoigeuza kaboksili kuwa esta iliyo tayari kuungana na amini) katika bafa ya MES, yaani myeyusho unaodumisha pH, yenye pH kati ya 5 na 6, kisha ongeza uzi wa kunasa, yaani uzi wa DNA unaolingana na uzi lengwa, wenye amini (kikundi chenye nitrojeni) kwenye ncha yake, katika bafa yenye pH kati ya 7 na 8. EDC huharibika upesi ndani ya maji, kwa hiyo iyeyushe wakati wa kuitumia tu. Mwishowe ziba esta zilizobaki kwa ethanolamini.

Hatua ya 4: Kupima. Tumia elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha, na uweke volteji ya lango (volteji inayotolewa kupitia elektrodi hiyo ili kudhibiti mkondo wa nanotyubu) chini ya nusu volti ili maji yasianze kuathirika kikemia. Subiri mkondo utulie. Anza kwa DNA isiyolingana na uzi wa kunasa, osha, ndipo ulete uzi lengwa. Kihisi kinachojibu kwa DNA isiyolingana hakifai, hata kama jibu lake kwa uzi lengwa ni kubwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini bafa ya kupimia hupunguzwa chumvi?*
Ioni za chumvi huizunguka chaji ya DNA na kuificha. Katika chumvi ya molari 0.1 chaji huonekana hadi takriban nanomita 1 tu. Katika milimolari 1 hufika takriban nanomita 10. Uzi pacha wenye jozi 20 za besi una urefu wa karibu nanomita 7, hivyo katika chumvi nyingi sehemu yake kubwa haionekani kabisa. Lakini chumvi kidogo mno huzifanya nyuzi mbili zenye chaji hasi zisukumane na zisiungane. Njia ninayoipendekeza ni kuunganisha nyuzi katika chumvi ya kutosha, kuosha, kisha kupima katika bafa hafifu ileile kabla na baada.

*Mkondo unapaswa kupanda au kushuka?*
Chaji hasi ya fosfeti ingetarajiwa kuongeza mkondo katika nanotyubu ya aina ya p (ambayo mkondo wake hubebwa na chaji chanya), ila taarifa nyingi zinaonyesha kushuka, kwa sababu maungio na mtawanyiko wa chaji navyo vinachangia. Usihukumu kwa mwelekeo peke yake. Linganisha na DNA isiyolingana.

*Naweza kudondosha damu moja kwa moja?*
Hapana. Protini za damu zitaufunika uso wa nanotyubu, na DNA ya mgonjwa ina nyuzi mbili zilizokwisha kuungana. Isafishe kwanza, ipashe joto hadi nyuzijoto 95 za Selsiasi ili zitengane, kisha ipoze ghafla kwenye barafu.