Maabara mbili, shamba moja: jinsi ya kulinganisha majibu ya udongo

Shangazi yangu wa Mumias alinijia na karatasi mbili za shamba lake moja. Ya kwanza ilisema fosforasi ni 9, ya pili 24. Alikuwa na hakika kwamba mmoja kamdanganya. Hakuna aliyemdanganya.

Hatua ya 1: Chota udongo kabla ya kutia mbolea. Pita shambani kwa zigizagi, sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, uchanganye wote na kubakiza nusu kilo. Kwepa vichuguu na palipokuwa zizi. Ndoo iliyobeba DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, usiiguse kabisa.

Hatua ya 2: Anika kivulini, peleka maabara.

Hatua ya 3: Majibu yakija, tafuta jina la njia ya kupimia kabla hujatazama namba. Hapa nilipoteza siku nzima mwaka wa kwanza. Maabara haipimi fosforasi yote iliyomo. Huumwagia udongo kemikali, kisha hupima kilichotoka, na kila kemikali hutoa kiasi chake. Njia ya Olsen hutumia sodiamu baikaboneti ya pH (kipimo cha asidi) 8.5. Njia ya Bray 1 ilikusudiwa udongo wenye asidi. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi asidi iliyo katika kemikali yake huishiwa nguvu. Njia ya Mehlich 3 hutoa fosforasi, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu kwa mkupuo mmoja, nami ndiyo ninayoipendelea.

Kwa mahindi, kiwango cha kutosha huhesabiwa kuanzia karibu 10 mg/kg (miligramu kwa kilo ya udongo) kwa Olsen, na karibu 30 kwa Mehlich 3. Kwa hiyo 9 ya Olsen na 24 ya Mehlich 3 zinasema neno moja: fosforasi ni haba. Usitafute namba ya kuzidisha ili ugeuze moja iwe nyingine, maana uwiano hubadilika udongo ukibadilika. Angalia pia kama wameandika P (fosforasi yenyewe) au P2O5 (fosforasi pamoja na oksijeni). Ikiwa ni P2O5, gawanya kwa 2.29 upate P. Vipimo vya mg/kg na ppm ni kitu kimoja.

Vile vijiti vya kuchomeka ardhini vinavyodai kusoma rutuba papo hapo, kwa fosforasi sivitumii.

Hatua ya 4: Soma pH, uulize imepimwa kwa maji au kwa mmumunyo wa chumvi ya KCl, kwani ya KCl kwa kawaida husoma chini zaidi. Ya shangazi ilikuwa 5.1 kwa maji. Katika asidi hiyo chuma na alumini hushikilia fosforasi, na DAP huzidisha asidi. Anamwaga chokaa sasa. Wakati wa kupanda atatia TSP, mbolea nyingine ya fosforasi, shimoni.