Kuacha Sigara Inayonunuliwa Moja Moja

Wavutaji wengi wa Goma hawanunui pakiti. Hununua sigara moja kwenye ligablo, yaani kibanda cha biashara, la karibu, huiwasha kwa kiberiti cha muuzaji na kuendelea na shughuli zao, kisha baadaye husimama kwenye ligablo jingine. Kwa namna hiyo mtu aweza kuvuta sigara 12 kwa siku huku akiamini kwa dhati kwamba anavuta nne tu. Wala uchache wenyewe si kinga, kwani anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Kwa hiyo anza kwa kuhesabu. Kwa muda wa wiki moja, bila kujizuia, andika kila sigara unayovuta: saa, mahali, uliyekuwa naye na faranga ulizotoa.

Orodha hiyo itakuonyesha mambo mawili. La kwanza ni mpangilio wa saa. Nikotini, yaani kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na baada ya saa mbili hivi nusu yake huwa imekwisha kuondoka katika damu. Ndipo mwili unapoanza kuidai tena. La pili ni sigara ya asubuhi. Ukiiwasha kabla ya dakika 30 kupita tangu kuamka, mwili wako umeshazoea nikotini sana, na huenda ukahitaji msaada wa dawa, jambo ambalo si aibu hata kidogo.

Kisha chagua siku ya kuacha, isizidi wiki mbili mbele. Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa kuwa tunangoja hali ya mji itulie kwanza. Ninaielewa sababu hiyo, maana hofu na misiba tuliyopitia si midogo, lakini naiona kuwa mtego. Utulivu unaohisiwa baada ya kuvuta kwa sehemu kubwa ni ule wa kutuliza kiu iliyoletwa na sigara iliyotangulia, na wanaoacha, wiki chache zikipita, kwa kawaida huwa na wasiwasi mdogo kuliko walipokuwa wakivuta.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, lipa deni lote la sigara ulilo nalo kwa wauzaji, kwa sababu anayedaiwa hulazimika kurudi palepale. Mwambie muuzaji wako kwa heshima: “Mama, kuanzia kesho usiniuzie sigara, hata nikikusihi.” Waambie pia mwenzi wako na wenzako wa kazi, fua koti linalonuka moshi, na ukiweza ubadilishe njia ya kwenda kazini.

Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Utakuwa mwepesi wa hasira, usingizi utakatika, njaa itaongezeka na choo chaweza kuwa kigumu. Dalili hizi hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Hamu yenyewe, hata ikikubana vipi, hudumu dakika chache tu, kwa hiyo kazi yako ni kuzipitisha hizo dakika. Kunywa maji polepole, tafuna kipande cha tangawizi au muwa, ondoka ulipo. Ikiwa wewe ni motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, na wenzako huvuta wakingoja abiria, shuka, sogea mbali kidogo na upanguse pikipiki mpaka hamu ipite. Punguza kahawa kwa nusu, kwa kuwa moshi wa sigara huufanya mwili kuiondoa kafeini haraka, na ukiacha, kikombe kilekile kitakukosesha usingizi. Kuhusu bia na kasiksi, ile pombe ya ndizi, nasema bila kuzunguka: jiepushe nazo kwa wiki tatu za kwanza, maana chupa moja katikati ya wavutaji huangusha watu wengi kuliko hamu ya asubuhi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Julai 2024, lilipendekeza bidhaa za nikotini kama vile chingamu na plasta, pamoja na dawa za kusaidia kuacha ziitwazo varenikilini, bupropioni na sitisini. Si kila duka la dawa huwa nazo, hivyo uliza mapema. Chingamu ya miligramu 4 humfaa anayevuta ndani ya nusu saa ya kuamka, na ya miligramu 2 huwafaa wengine. Itafune taratibu mpaka uhisi ukali, kisha uiweke kati ya shavu na ufizi, uitafune tena ukali ukiisha, kwa muda wa nusu saa hivi. Usinywe kahawa wala soda dakika 15 kabla yake. Bupropioni ni ya kuandikiwa na daktari, na haimfai mwenye kifafa.

Ukivuta moja kwa bahati mbaya, usinunue ya pili, na usihesabu kwamba yote yameharibika. Tazama saa na mahali ulipoteleza, upange utakachofanya kesho saa ileile. Shisha na tumbaku ya kunusa usizifanye badala, kwa kuwa zote zina nikotini.

Wanaotumia dawa za magonjwa ya akili au teofilini ya pumu wamwone daktari kabla ya kuacha, kwa sababu kipimo cha dawa chaweza kuhitaji kupunguzwa. Kikohozi kinaweza kuongezeka kidogo katika wiki za kwanza, mapafu yanapojisafisha, lakini kikidumu wiki mbili au zaidi, au kikija na damu, homa za jioni au kukonda, usikilaumu kuacha sigara wala vumbi la lava ya volkano: nenda kwenye kituo cha afya upimwe makohozi, kwa kuwa mvutaji yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu.