Loadi balansa inakula prosesa? Anzia hapa
Juzi niko Sakina, Arusha, mvua inapiga, napigiwa simu saiti inakokota, kucheki balansa (seva ya mbele inayogawa wateja kwa seva za nyuma) prosesa imejaa pomoni na seva za nyuma zinapunga upepo tu. Sasa kabla hujakimbilia kununua mashine kubwa fungua top (komandi ya Linux ya kuangalia mzigo), bonyeza 1 uone kila koa (kiini cha prosesa) peke yake. Ukikuta koa moja imejaa, safu ya "si" (muda wa kazi za interapti, yaani vifaa kuibipu prosesa) iko juu na zingine zimelala, hiyo ni kadi ya mtandao, cheki /proc/interrupts halafu gawanya interapti kwenye koa zote, irqbalance inasaidia.

Ila mlaji mkubwa mara nyingi ni TLS (usimbaji wa HTTPS), hasa ile salamu ya mwanzo mteja akiunganika. Cheti cha RSA kinachosha prosesa kwenye kusaini, hamia cha ECDSA P-256 (aina nyingine ya ufunguo, nyepesi kusaini), kama unabisha piga openssl speed rsa2048 ecdsap256 uangalie safu ya sign/s mwenyewe. Alafu washa keep-alive, muunganisho ubaki wazi, maana bila hivyo unakuwa kama konda wa Hiace ya Kwa Mrombo anayeshusha na kupandisha abiria wale wale kila kituo.

Gzip (kubana majibu kabla ya kutuma) isukume seva za nyuma, au shusha levo iwe 1, na JPEG usiguse zimeshabanwa. Logi punguza. Kama husomi chochote ndani ya HTTP, kwenye HAProxy (programu ya balansa) weka mode tcp, ipitishe data tu bila kuisoma, yaishe.

Badili kimoja kimoja lakini, mimi nilibadili vitano mara moja na mpaka leo sijui kipi kiliniokoa.