Kukokotoa umbali na muda wa ndege kati ya Mwanza na Kilimanjaro

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwenzangu wa ofisini aliyekuwa akipanga safari za wafanyakazi, na ambaye kila tovuti aliyoifungua ilimpa umbali tofauti. Ushauri wangu ni kuachana na tovuti hizo, kwa kuwa kikokotoo cha kawaida kinatosha.

Hatua ya 1: Hakikisha uwanja ni upi.
Ukitafuta neno "Kilimanjaro" kwenye ramani, unaweza kupelekwa kileleni, umbali wa takriban kilomita 50 kutoka uwanjani. Vilevile Arusha ina uwanja wake mdogo (ARK), ulio karibu kilomita 49 magharibi mwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Tafuta kwa alama za viwanja: MWZ (Mwanza) na JRO (KIA).

Hatua ya 2: Andika latitudo na longitudo kwa desimali.
Hapa ndipo hesabu nyingi huharibikia, kwa hiyo usiwe na haraka. Machapisho ya usafiri wa anga hutumia nyuzi, dakika na sekunde, na Mwanza iko 2°26′40″ kusini, 32°55′58″ mashariki. Wengi husoma tarakimu hizo kana kwamba ni 2.2640 na 32.5558, ilhali dakika hugawanywa kwa 60 na sekunde kwa 3,600 kabla ya kujumlishwa, na jibu sahihi ni 2.4444 na 32.9328. Kosa hilo kwenye longitudo peke yake huusogeza uwanja karibu kilomita 42 magharibi, na ubaya wake ni kwamba jibu la mwisho bado huonekana la kuaminika. KIA, kwa njia hiyohiyo, ni 3.4294 kusini na 37.0744 mashariki. Kwa kuwa viwanja vyote viwili viko kusini mwa ikweta, latitudo hutolewa. Kwa safari ya Mwanza na Entebbe, ulio kaskazini mwa ikweta, zingejumlishwa.

Hatua ya 3: Kokotoa.
Tofauti ya latitudo ni nyuzi 0.985 na ya longitudo 4.142. Zidisha kila moja kwa 60 upate maili za baharini, kisha utumie kanuni ya Pythagoras. Karibu na ikweta njia hii inatosha kabisa. Ukienda mbali nayo, longitudo lazima ipunguzwe kwa kosini ya latitudo. Jibu ni maili 255 hivi, yaani takriban kilomita 472. Usilinganishe na barabara, kwani mstari huu hupita juu ya Serengeti na Ngorongoro, wakati mabasi mengi huzunguka kusini kupitia Shinyanga na Singida.

Hatua ya 4: Geuza umbali kuwa muda.
Ndege ya pangaboi aina ya Q400 husafiri kwa takriban maili 360 za baharini kwa saa, hivyo 255 ÷ 360 ni dakika 43. Mimi huongeza dakika 15 za kupaa na kushuka, ikawa karibu saa nzima angani. ATR 72, yenye mwendo wa 275 hivi, huhitaji kama saa moja na dakika 10. Muda wa kwenye ratiba huwa mrefu zaidi, kwa sababu huhesabu pia mwendo wa ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua.

Hatua ya 5: Upepo.
Mara nyingi huvuma kutoka mashariki, hivyo safari ya kwenda KIA hukutana nao usoni. Upepo wa maili 20 kwa saa huongeza dakika 2 au 3 tu kwa Q400.