Kabla Hujachora Nukta ya Kwanza: Maandalizi ya Kufuatilia Tabia ya Mwanafunzi kwa Grafu

"Siku hizi ametulia kidogo," anasema mwalimu wa Hisabati. "Kwangu mbona yuleyule?" anajibu wa Kiingereza. Kikao kinakwisha hapo, na mpango wa kurekebisha tabia ya mtoto unaendelea au unaachwa kufuatana na nani ana sauti kubwa zaidi ofisini.

Si kwamba shule hazina kumbukumbu. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zinataka kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu pamoja na kosa na idadi ya viboko, ambavyo havitakiwi kuzidi vinne. Daftari hilo linaeleza mtu mzima alifanya nini. Ukitaka kujua mtoto anakwenda wapi unahitaji daftari la namna nyingine, lenye grafu ya tabia yake siku hadi siku, na kazi kubwa ya daftari hilo hufanyika kabla mpango wenyewe haujaanza. Kwa wenzetu wa Kenya, ambako Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku adhabu ya kumpiga mwanafunzi, haja hiyo ni kubwa zaidi, maana fimbo imeondoka na kitu kingine lazima kishike nafasi yake.

Anza na maneno. Utundu hauhesabiki. Jeuri haihesabiki. Kiburi ndiyo kabisa, kwa sababu kiko nusu kwa mtoto na nusu machoni pa anayemtazama. Andika tendo ambalo hata mwalimu wa mazoezi ya kufundisha aliyefika jana angelitambua: "anainuka kwenye dawati bila ruhusa na kukaa nje ya nafasi yake zaidi ya sekunde tano". Kisha ujaribu. Walimu wawili wakae darasani kipindi kimoja, kila mmoja ahesabu kimyakimya, halafu mgawanye hesabu ndogo kwa kubwa. Mmoja akipata 8 na mwingine 10, mmekubaliana kwa asilimia 80, kiwango ambacho wanaofanya kazi hii kwa kawaida hukichukulia kuwa cha chini kinachokubalika. Mkipata pungufu ya hapo, rekebisheni maelezo kwanza kabla ya kulaumiana macho.

Kando ya tendo mnalotaka lipungue, andikeni lile mnalotaka lishike nafasi yake, kama vile kunyoosha mkono na kungoja. Grafu inayoonyesha maovu tu humfanya mtoto aonekane mwovu hata siku alizofanya vizuri.

Hapa nitaomba tusimame kidogo. Kabla ya kuhesabu chochote, hakikisheni mtoto anasikia na anaona. Mwanafunzi asiyesikia vizuri sikio moja ataitwa mkaidi miaka mitatu mfululizo bila mtu kumhamisha dawati. Ulizeni pia amekula nini asubuhi. Kwa siku kadhaa andikeni mambo matatu kila tendo linapotokea: nini kilitangulia, alifanya nini, nini kilifuata. Mara nyingi jibu hujitokeza lenyewe. Kama kila mara anapewa zoezi la kusoma kwa sauti anaanzisha ugomvi, na kila mara anatolewa nje, basi ugomvi ndio tiketi yake ya kukwepa kusoma, na sisi ndio tunaomkatia. Mpango usiogusa hilo hauwezi kuokolewa na grafu, hata ichorwe kwa kalamu za rangi saba.

Sasa njia ya kuhesabu. Hii iamuliwe kwa kufikiria mwalimu mwenye wanafunzi 70 na chaki mkononi. Kwa tendo lenye mwanzo na mwisho, kama kupiga kelele au kumchokoza jirani, weka punje za mahindi mfuko wa kulia na uhamishe moja kwenda mfuko wa kushoto kila linapotokea. Kipindi kikiisha unahesabu punje, na darasa zima halijui unachofanya. Kwa tendo linalotokea mara chache lakini likianza halikomi, kama kulia au kujificha chini ya dawati, hesabu dakika. Na kwa lile lisilo na mipaka, kama kufanya kazi au kuzubaa, usimkodolee macho mtoto kutwa nzima. Kila baada ya dakika tano inua uso, tazama anafanya nini kwa wakati huohuo, weka alama. Katika kipindi cha dakika 40 utapata alama nane. Mpango wa kuhesabu unaohitaji mwalimu asifundishe utakufa Jumatano.

Chagueni pia vipindi viwili au vitatu vya kila siku, vile vyenye shida hasa, na mvishikilie. Urefu ukitofautiana, msilinganishe hesabu ghafi. Mara 12 katika vipindi viwili vilivyoungana ni sawa na mara 6 kwa kipindi, yaani pungufu ya mara 8 za jana katika kipindi kimoja, ingawa kwenye karatasi 12 inaonekana mbaya zaidi.

Kipimo cha awali ndicho watu wengi hukiruka, na naelewa kwa nini: mtoto anasumbua leo, nani ana subira ya kumtazama siku tano bila kuanza mpango? Lakini bila siku hizo hutajua umetoka wapi. (Tendo likiwa la hatari, kama kupiga wenzake kwa mawe, zuieni mara moja na mhesabu huku mnazuia.) Tuseme mmepata 9, 7, 11, 8, 10. Wastani ni 9. Kama namba zingekuwa 11, 10, 8, 7, 5, ngojeni, maana mtoto anashuka mwenyewe na mkianza leo mtajipa sifa isiyo yenu. Amueni lengo linalofikika: kutoka 9 hadi 3 kwa wiki sita, yaani kupungua kwa moja kila wiki. Chora mstari wa lengo, toka 9 ya mwanzo hadi 3 ya mwisho, kabla mpango haujaanza, ukiwa huna cha kutetea.

Vifaa ni vichache. Daftari la hesabu lenye vijisanduku linatosha, na simu yenye programu ya majedwali si lazima. Siku ziende kwa mlalo, hesabu kwa wima kuanzia sifuri. Siku mpango unapoanza piga mstari wa wima, na usiunganishe nukta ya kabla na ya baada. Siku asipofika shule acha pengo. Sifuri maana yake alikuwepo na hakufanya, na ukiiandika siku alipokuwa na malaria umedanganya.

Kubalianeni mapema grafu itawaamulisha nini. Kanuni iliyozoeleka ni nukta nne mfululizo: zikiwa upande mbaya wa mstari wa lengo (juu yake, kwa tendo mnalotaka lipungue), mpango ubadilishwe, zikiwa upande mzuri, uachwe ulivyo. Ila jiandaeni kwa siku za mwanzo. Mtoto aliyezoea kupata macho ya darasa kwa kelele, akinyimwa, huongeza kelele kabla ya kupunguza. Waambieni walimu wote na mzazi kabla, la sivyo mpango utavunjwa siku ya tatu, na mtoto atakuwa amejifunza kwamba kelele kubwa zaidi hulipa.

Chini ya kila siku acheni safu moja ya tiki: leo sisi tulifuata mpango? Safu hii haipendwi ofisini. Lakini mstari uliolala kwa wiki mbili huku tiki zikiwa tatu tu haujapima mpango wowote.

Mwisho, amueni daftari litakaa wapi. Lisibandikwe ukutani wala kusomwa kwenye paredi. Mzazi alione, na mtoto mwenyewe, hasa wa darasa la nne kwenda juu, anaweza kuweka nukta yake mwenyewe kila mchana. Likae kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, ukurasa wa kwanza ukiwa na maelezo ya tendo na namna ya kuhesabu, ili mwalimu wa darasa akihamishwa katikati ya muhula, anayempokea aendelee kuhesabu kitu kilekile.