Ukiuza Ruger ya zamani, hesabu skrubu kwanza

Uko Marekani na unauza bastola ya silinda ya Ruger, Blackhawk au Single-Six, iliyotumika? Kabla ya kutaja bei, itoe risasi zote kisha tazama ubavuni: skrubu 3 ni ya kabla ya 1973, pini 2 ni toleo jipya. Ya skrubu yenye vyuma vyake vya asili usiipeleke kiwandani kufungiwa kinga ya usalama (chuma kinachozuia isijifyatue ikianguka), hata kama ni bure. Wakusanyaji hulipia uasilia. Ilishabadilishwa? Tafuta kile kimfuko cha vyuma vya zamani kilichorudishwa nayo, kiende pamoja. Mnunuzi wa kulengea shabaha tu hatakiongezea hata senti, na bastola iliyopakwa rangi upya imeshapoteza soko la wakusanyaji. Isiyo na kinga, mwonye mnunuzi: risasi 5 tu, nyundo ilalie tundu tupu.