Snuka: nyekundu mara 8, jumlisha 27

Ukitazama snuka, mchezo wa kuingiza mipira mashimoni kwa fimbo, na hujui kama aliye nyuma bado ana nafasi, hesabu mipira nyekundu iliyobaki mezani, zidisha kwa 8, jumlisha 27: hizo ndizo pointi zilizobaki. Kila nyekundu ina pointi 1 na nyeusi inayoifuata 7. Ile 27 ni rangi sita za mwisho, kuanzia njano yenye 2 hadi nyeusi yenye 7. Zimebaki nyekundu 3? 24 na 27, yaani 51. Akiachwa kwa 52, hana budi kumtegea mwenzake apate faulo, ambayo humpa yeye pointi 4 hadi 7. Ninapokosea mara nyingi ni hapa: nyekundu imeshaingia, rangi yake bado haijapigwa. Ongeza 7. Hesabu huharibika zaidi faulo ikizaa mpira wa bure, yaani mchezaji aliyezibiwa huruhusiwa kuchagua mpira mwingine badala ya ule anaopaswa kupiga. Nyekundu zikiwepo, mpira huo huwa nyekundu ya ziada, basi ongeza 8. Ndiyo maana 147, pointi za juu za kawaida katika zamu moja, si mwisho wa yote, kinadharia hata 155 hupatikana. Nyekundu zikiisha na zamu ni ya njano, kwa mpira wa bure unaongeza 2 tu. Wakilingana mwishoni kabisa, nyeusi hurudishwa mezani na kura hupigwa kuamua nani aanze.